Jirani Anayezima Jua

Kiwanja namba 14,
Chama cha Bustani cha Solhøj.
Jumapili, 14 Juni.

Kwa Mwenyekiti wa Chama,
Bwana Egon Ravnkilde,
Kiwanja namba 1.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUZIMWA KWA JUA NA KIWANJA NAMBA 16

Salaam na heshima. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo wako umepona tangu siku ile ulipouinamia ua wangu na futi ya kupimia. Nimekuwa mwanachama kwa miaka ishirini na sita na si kawaida yangu kulalamika, ukiacha lile la konokono, lile la tarumbeta, na yale mawili ya mbolea. Leo nimelazimika. Naomba suala hili liwekwe kwenye ajenda ya mkutano wa Jumamosi.

Kabla ya malalamiko yenyewe yafaa nieleze kitu kinachohusika, maana siku ulipokuja ulikiita "hilo dirisha lako." Ni chaja ya sola, Ndugu Mwenyekiti, na nimeitengeneza kwa mikono yangu.

Kama ujuavyo, viwanja vyetu havina umeme. Umeme uliopo ni wa jumba la chama, na kwa uamuzi wa mkutano ni wa birika la kahawa na taa ya choo tu, wala si wa kuchajia chombo chochote chenye magurudumu. Siupingi uamuzi huo. Mimi mwenyewe niliunyooshea mikono, yote miwili kama unakumbuka, ikabidi kura zihesabiwe upya. Wakati huo hakuna niliyemjua mwenye chombo cha magurudumu.

Sasa Bodil Thorup wa kiwanja namba 16 ana goti bovu na skuta ya magurudumu matatu inayokwenda kwa betri. Betri imezeeka. Inamfikisha bustanini kutoka nyumbani kwake mjini, lakini kurudi ni bahati nasibu. Mwezi wa Aprili ilimzimikia mlimani mara mbili, na mara ya pili nilimsukuma mimi mpaka kituo cha basi, yeye kakaa juu yake ananielekeza njia kana kwamba nimehamia juzi. Binti yake, Lone, ambaye ni mtu mwema mwenye haraka, alisema mbele yangu: "Mama, ikizima mara ya tatu tunarudisha ufunguo wa bustani. Sitaki kupigiwa simu kazini eti umekwama barabarani kama gunia la viazi." Bodil alikuwa akichambua majani ya stroberi, akaendelea kuyachambua hata yale mazima. Miaka ishirini na sita namjua mama huyu, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitupa jani zima. Niliumia, nakuambia ukweli.

Ndiyo maana nikatengeneza chaja. Betri ikipata kujazwa hapa bustanini wakati yeye anapalilia, itamrudisha nyumbani bila shida na ufunguo utabaki mfukoni mwake. Yeye anadhani chaja ni ya redio yangu, na naomba aendelee kudhani hivyo mpaka ifanye kazi sawasawa, kwa sababu mtu hatangazi harusi kabla ya kuposa. Huo ni mfano tu.

Nilichukua dirisha la kibanda cha nyanya kilichobomolewa na upepo, nikapanga juu yake seli sabini na mbili za jua, nyembamba kama biskuti na nyepesi kuvunjika kama biskuti, nikaziunganisha kwa waya na lehemu moja baada ya nyingine. Waya zinaingia kwenye kopo la bati. Ndani ya kopo mna kidhibiti cha kuzuia betri isijae kupita kiasi, dayodi ya kuzuia umeme usirudi kwenye paneli gizani, na taa mbili ndogo: kijani ikichaji, nyekundu isipochaji. Miaka thelathini na nane nilikuwa fundi wa taa za reli, na hakuna treni iliyowahi kupita kwangu pale ilipotakiwa kusimama.

Elewa jambo moja, maana ndilo kiini cha yote. Seli hizi hufanya kazi kama watu waliopanga mstari kupokezana ndoo za maji nyumba inapoungua. Mmoja akisinzia, maji hayafiki, hata wengine sabini na moja wawe na nguvu za farasi. Kivuli kidogo tu kikizikalia seli chache, mstari mzima unalala. Paneli nimeiweka juu ya paa la kibanda changu cha zana, ikitazama kusini. Hakuna mahali pazuri zaidi katika kiwanja kizima, nimepima.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Jina la chama. Solhøj maana yake ni Kilima cha Jua. Mtu aliyejiunga na Kilima cha Jua ana haki ya kutegemea jua, angalau kwa siku ambazo lenyewe limejitokeza. Nchi hii haina jua la kuchezea.

2. Mti wa mapeasi wa kiwanja namba 16. Mti huu ulipandwa na Bodil na marehemu mumewe mwaka walipopewa kiwanja, na mimi nauheshimu. Mapeasi yake nimeyala kwa miaka mingi, mabichi, ya kuchemsha na ya chupa. Lakini umerefuka kupita adabu. Nilipendekeza kwa mdomo ukatwe mita mbili juu. Bodil akaniambia, nanukuu: "Ukigusa tawi hata moja, Verner, mapeasi utayaona kwenye picha." Nakiri kwamba kwa vipimo vyangu kivuli cha mti huo hufika kwenye kibanda changu saa kumi na mbili jioni, wakati ambapo kazi ya siku imekwisha. Hata hivyo kivuli ni kivuli, na mwenye nia mbaya huanza na kidogo.

3. Ukaguzi wako wa tarehe 2 Juni. Nilikuita uje ushuhudie chaja isivyofanya kazi. Ulikuja, na ikafanya kazi. Taa ya kijani ilikaa imewaka muda wote uliokuwepo, jambo lililonifedhehesha. Ulisema: "Verner, hiki kitu kinachaji kuliko simu yangu. Sasa huo mti wa watu umekukosea nini?" Kisha ukapima ua wangu, ukaukuta umezidi sentimita nne. (Nimekwisha kuukata.) Ulipokuwa ukiondoka ukatazama juu ukaniuliza mbona mlingoti wangu uko uchi, kwamba kila ukipita njia kuu huwa unaiona bendera. Nikakujibu kwamba haikuwa siku yake. Ukauliza kama Bodil yupo. Nikakujibu kwamba yuko kwa daktari wa goti. Ukacheka kidogo, sijui kwa nini, ukanipiga bega ukasema, "Kikulacho ki nguoni mwako, mzee." Ulipotoka nikapekua mifuko ya suruali na ya koti. Hamkuwa na kitu ila kamba na bisibisi.

Lakini ziara yako ilinifungua macho kwa namna nyingine, kama utakavyoona.

4. Daftari. Mtu wa reli hawezi kuishi bila daftari. Nanakili sehemu tu:

Mei 19. Bodil hayupo, kaenda kupima macho. Kijani tangu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni.
Mei 20. Bodil kaja saa nne. Kijani mpaka saa sita, kisha nyekundu mpaka alipoondoka.
Mei 21. Mvua. Hakuna wa kulaumiwa.
Mei 22. Bodil kaja na keki ya nazi. Upepo mkali wa magharibi. Nyekundu mchana kutwa.
Mei 25. Bodil yuko kwa Lone. Kijani siku nzima. Siku ilikuwa ndefu sana.
Mei 26. Bodil kaja. Nyekundu.
Juni 2. Mwenyekiti kaja, Bodil hayupo. Kijani.

Ndugu Mwenyekiti, mwenye macho haambiwi tazama. Bodil akiwepo jua hukatika, akiondoka hurudi. Ungekuwa mti, ungezuia hata siku asipokuja, maana mti haendi nao kwa daktari. Kwa hiyo nalazimika kusema, kwa masikitiko na bila chuki, kwamba anayezima jua ni Bodil mwenyewe.

5. Njia anayotumia. Hapa uchunguzi bado unaendelea, nami sitaki kumsingizia mtu. Nilishuku kwanza kofia yake ya ukili, ambayo ni pana. Nikamwomba aivue, akasema: "Nivue kofia ili redio yako isikike? We mwanaume umeota jua gani?" Akavua lakini, kwa kuwa ni mtu mwema. Taa ikabaki nyekundu. Nikashuku sindano zake za kufumia, kwamba chuma chake huvuta umeme, ingawa najua kwamba si kweli na ningemcheka mwanafunzi wangu kwa kusema hivyo. Nikashuku kiti. Nikamwomba akisogeze kiti chake kutoka chini ya mti, akasogeza. Nikamwomba akisogeze tena. "Nikae wapi basi, Verner, kwenye tawi?" Mara ya tatu tulikiingiza kwenye kiwanja changu, kando ya meza, mahali ambapo kwa bahati pana kahawa. Taa ilibaki nyekundu. Kiti kimebaki hapo, maana goti lake lisingevumilia kukirudisha, na mimi sikuona sababu.

Ili kuondoa shaka kwamba kosa liko upande wangu, naeleza ninavyofanya kila siku anapokuja, na sijawahi kubadili chochote. Nikisikia skuta yake getini nafuta meza. Napandisha bendera. Nachemsha maji, natoa vikombe viwili vyenye maua ya buluu. Akiondoka nashusha bendera, naikunja bila kuiacha iguse ardhi, kama kanuni inavyotaka, naosha vikombe. Hakuna mahali katika utaratibu huu ambapo mtu anaweza kusema nimekosea. Mlingoti wangu uko mita mbili na nusu tu kutoka kwenye kibanda, mweupe, umenyooka, na mwaka jana wewe mwenyewe uliusifu kwenye mkutano. Unajua pia kwamba bendera yangu haipandi ovyo. Hupanda panapokuwa na sababu ya furaha, kama wazee wetu walivyotufundisha: siku za kuzaliwa, sikukuu, na kadhalika.

6. Kejeli. Juzi Bodil aliitazama betri niliyoazima kwa majaribio akauliza: "Hiyo redio yako inapiga muziki au inalima? Betri kama ya trekta." Nikamwambia ni redio ya zamani. Akasema, "Kama mwenyewe." Sitaki aadhibiwe kwa hili. Nimeliandika tu kwa kuwa nalikumbuka.

7. Muda. Hili ndilo lililonikosesha raha wiki nzima. Lone amesema uamuzi wa ufunguo utafanywa kabla ya moto wa Sankt Hans, ule wa sikukuu ya katikati ya kiangazi, yaani tarehe 23, siku tisa kutoka leo. Jana skuta ilianza kusuasua pale pale kwenye lango lako, labda uliiona. Mimi niliiona. Nilisimama nyuma ya ua wangu, uliokatwa vizuri, nikaiombea dua kama mtu anayeombea farasi kwenye mashindano. Ilipita. Lakini haitapita kila siku, na mimi nina chaja inayofanya kazi barabara kila siku ambayo haihitajiki.

Kwa hayo yote, naomba mkutano upitishe maazimio yafuatayo:

(a) Bodil Thorup azuiwe kuja bustanini mchana, ili chaja ipate jua, ili betri ijae, ili Bodil Thorup aweze kuja bustanini mchana.

(b) Kama azimio (a) litaonekana na kasoro, ambayo nami nimeiona nilipolisoma mara ya tatu lakini sijui pa kuirekebisha, basi Bodil aruhusiwe kuja mchana kwa sharti kwamba asionekane na jua.

(c) Kama (b) nalo ni gumu, mti wa mapeasi ukatwe. Najua hauhusiki. Lakini mtu akikaa siku tisa bila kufanya lolote huku jirani yake anaondolewa, atajiona hana mikono.

Naomba azimio (c) lipigiwe kura ya siri.

Nakushukuru kwa subira yako. Nisalimie mama nyumbani, nisalimie kamati nzima hata mweka hazina, nisalimie kiwanja namba 9 na umwambie kwamba suala la mbuzi wake si hoja tena, nimekwisha kusamehe. Wasalimie wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia, wajue nipo.

Ni mimi mwanachama mtiifu,
Verner Bundgaard
Kiwanja namba 14

N.B. Barua hii niliimaliza saa tano asubuhi. Sasa ni saa tisa alasiri na hali imebadilika. Ningeichana, lakini kanuni yetu ya kumi na moja inasema malalamiko yaliyotamkwa mbele ya Mwenyekiti lazima yafuatiwe na maandishi, na nakumbuka nimekutamkia mara tano. Kwa hiyo naileta kama ilivyo, na chini yake naleta haya.

Bodil alikuja saa tano na nusu. Nilifuta meza, nikapandisha bendera, nikachemsha maji. Upepo ulikuwa wa magharibi kama kawaida yetu, bendera ikanyooka vizuri. Nikamimina kahawa. Taa ikawa nyekundu. Nadhani nilitoa sauti fulani, maana Bodil aliweka kikombe chini akaniuliza nina nini. Nikamwambia ile redio haipati umeme. Akasema:

"Itapataje na umeitandikia shuka?"

Nikamwambia sijaitandikia kitu. Akanyoosha sindano ya kufumia kuelekea kwenye paa la kibanda. Kivuli cha bendera yangu kilikuwa kinacheza juu ya paneli, huku na huku, kikizigusa seli kumi hivi kwa zamu. Mlingoti mtupu una kivuli chembamba kinachovuka paneli kwa dakika chache tu, sijawahi kukijali. Bendera nilikuwa sijaifikiria kabisa.

"Nakiona tangu Mei," akasema. "Nikadhani ndivyo mafundi mnavyofanya, ili isipate joto."

Nikaenda kuishusha. Kabla haijafika chini, taa ikageuka kijani. Miaka thelathini na nane ya taa za reli, Ndugu Mwenyekiti, na nimejisimamishia treni mwenyewe wiki nne mfululizo. Nyani haoni kundule. Na ile nguo uliyoniambia niitafute mwilini mwangu ilikuwa inapepea juu ya kichwa changu. Sasa nimeelewa ulichochekea, na nadhani ungeweza kusema waziwazi.

Niliporudi mezani na bendera mikononi Bodil alikuwa bado ananitazama.

"Verner," akasema, "leo nani kazaliwa?"

Nikasema hakuna.

"Na jana?"

Niliikunja bendera kwa uangalifu mkubwa, ikaniishia kukunjwa mapema mno. Basi nikamwambia habari ya betri, na ya skuta, na kwamba redio haikuhusika kamwe. Hiyo nusu moja ya ukweli niliisema kwa mdomo. Ile nusu nyingine nadhani aliisoma kwenye bendera, kwa sababu alinijazia kikombe bila kuniuliza, akasema: "Kailete hiyo skuta basi, uichomeke. Na ule mti wangu uache."

Kwa hiyo naondoa malalamiko namba 2, 3, 4, 5 na 6, na maazimio yote matatu. Namba 1 libaki, ni la msingi. Namba 7 naomba usimwonyeshe mtu. Skuta ya Bodil ipo kwangu sasa hivi, waya umechomekwa, taa ni ya kijani, na Lone amealikwa aje Jumanne aone kwa macho yake mama yake anavyopanda mlima. Sina uhakika wa Lone, lakini nina uhakika wa betri.

Lililobaki ni dogo. Bendera sasa nitaipandisha siku asipokuwepo tu, kwa kuwa siku hizo hakuna betri ya kujaza. Najua ni kinyume cha mila, na wanachama wataniuliza. Naomba uwatangazie Jumamosi kwamba wakiona mlingoti wa namba 14 uko uchi wasinihurumie. Wajue kwamba ninaye mgeni.

V.B.